Shingo ya kijana mikononi mwa refa

JUMAPILI moja nilikwenda Tandika kumjulia hali mama yangu mdogo, nikamkuta ameketi barazani na fulana ya mwanawe mapajani, akishona bega lililochanika. Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla hata chai haijamiminwa, alinitupia swali ambalo ndilo lililozaa makala haya. Mwanawe, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa ameacha kandanda na kujiunga na wenzake wanaojifunza mchezo wa raga.

"Nimekwenda kumtazama kwa macho yangu," alisema. "Nikawaona wameinama kama mbuzi wanaotaka kupigana, vichwa vimeingiliana, wanasukumana. Mara wote wakaanguka, rundo moja. Refa akapuliza filimbi, akanyoosha mkono upande mmoja. Sasa wewe mwanangu unayeandika magazetini, hebu niambie, alijuaje ni nani aliyeangusha? Na kama hakujua, shingo ya mdogo wako anaitazama nani?"

Siku ile sikuwa na jibu la maana. Nilisema maneno mawili matatu ya kumpoza, nikanywa chai, nikaondoka. Lakini swali lilinifuata hadi ndani ya daladala, na siku zilizofuata nikaanza kuzisoma sheria za mchezo huo na kuwauliza wanaoujua. Niliyoyapata nayaweka hapa, kwa sababu naamini mama huyo si peke yake katika Temeke wala Kinondoni.

Wengi wetu tumelelewa na kandanda. Katika viwanja vya Mwembe Yanga, vya Biafra, au kwenye uwanja wowote wa mchangani, kila anayesimama kandoni ni refa. Muuza kahawa ameona mkono uliogusa mpira, mpita njia amemwona aliyeotea, na hata mtoto aliyepanda mwembe ana hukumu yake tayari. Refa akikosea, umati mzima unamwambia, tena bila heshima. Kosa la kandanda kwa kawaida hufanyika waziwazi.

Skramu si hivyo. Skramu ni msukumano wa watu kumi na sita, wanane kwa kila timu, waliofungamana kama mabua ya makuti. Kinachoamua mambo kimo ndani, chini ya mabega na vifua, mahali ambapo watazamaji hawaoni, wachezaji wa nyuma hawaoni, na refa mwenyewe anaona nusu tu. Huko ndiko anakotakiwa kutoa haki.

KAMBA TUNAYOIJUA

Msomaji ambaye hajapata kuiona raga bila shaka ameuona mchezo wa kuvuta kamba. Huo ni mchezo wetu wa sherehe za wafanyakazi, wa mashindano ya Mei Mosi na ya SHIMIWI, ambako karani na dereva, mhasibu na mhudumu, wanaume kwa zamu yao na wanawake kwa zamu yao, hukita visigino ardhini na kuvuta mpaka mishipa ya shingo inatokeza. Wanaoukumbuka Uwanja wa Uhuru pale Temeke tangu ulipokuwa ukiitwa Uwanja wa Taifa wanajua ninachokisema.

Kuvuta kamba na skramu ni ndugu wa damu. Katika sheria za kimataifa za kamba, kila upande huwa na watu wanane, sawa na skramu. Timu haianzi kuvuta inapotaka. Mwamuzi huamuru kwanza kamba ishikwe, kisha ikazwe, kisha watu watulie, na hapo ndipo anapotoa amri ya kuvuta. Atakayeketi chini kwa makusudi au kuifunga kamba mwilini huonywa, na timu ikifikia onyo la tatu katika mvuto mmoja huondolewa. Mshindi ni yule anayeivuta alama ya upande wa pili kwa mita nne.

Mchezo huo ulikuwamo katika Olimpiki tangu mwaka 1900 hadi 1920, na ugomvi wake mashuhuri ulitokea London mwaka 1908. Wamarekani walivutwa na polisi wa Liverpool kwa muda mfupi kiasi cha kuaibisha, wakalalamika kwamba wapinzani wao walivaa buti nzito kupita kiasi. Polisi wakajibu kwamba hizo ndizo buti zao za kazini za kila siku. Malalamiko yakatupwa, Wamarekani wakajitoa, na medali zote tatu zikabaki kwa polisi wa Uingereza.

Nimekisimulia kisa hicho kwa sababu moja. Hukumu ile ilitolewa baada ya mvuto, ilhali buti zilitakiwa kutazamwa kabla. Refa wa raga anayeijua kazi yake huanza hukumu yake mpira ukiwa bado mfukoni. Hupita kwa wachezaji na kukagua meno ya viatu, ambayo urefu wake hauruhusiwi kuzidi milimita 21, kisha huwaita kando wale watatu wa mstari wa mbele wa kila timu na kuwaambia atakavyotaka waingie, washike, na watulie.

Lakini kuna tofauti moja kati ya ndugu hawa wawili, nayo ni kubwa. Kamba ikikatika au mtu akiteleza, anaanguka kwa makalio na watu wanacheka. Skramu ikianguka, aliye mbele anaanguka kwa utosi wa kichwa, huku kuna wenzake saba wanaoendelea kusukuma na mbele yake wanane wengine. Timu za watu wazima wa daraja la juu huwa na uzito unaozidi kilo 800 kwa kila upande. Hapo ndipo shingo inapoingia katika hesabu.

NDANI YA RUNDO

Tuliangalie rundo lenyewe. Skramu haipigwi ovyo, ni njia ya kuanzisha upya mchezo baada ya kosa dogo, kwa mfano mchezaji anapouangusha mpira mbele au kutoa pasi ya mbele, jambo lisiloruhusiwa katika raga. Mstari wa mbele una watu watatu. Katikati yuko huka, ambaye kazi yake ni kuukwapua mpira kwa mguu, na huku na huku wako mapropu, yaani nguzo zake. Nyuma yao wako maloku wawili, pembeni maflanka wawili, na mwishoni kabisa yupo namba nane. Mchezaji mdogo mdogo mwenye mbio hutumbukiza mpira katikati ya pande mbili.

Refa hutoa amri tatu, ambazo kwa lugha yetu tungeweza kusema: inameni, shikaneni, ingieni. Ukizisikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni madaha tu. Kumbe kila neno limelipiwa. Zamani pande mbili zilikuwa zikivamiana kutoka mbali kama magari, na aliyewahi kugonga ndiye aliyefaidika. Mwaka 2007 wakuu wa mchezo duniani waliweka amri nne, za kuinama, kugusa, kutulia, na kuingia. Mwaka 2012 zikapunguzwa kuwa tatu, na mwaka 2013 likaja agizo la kwamba mapropu washikane kwanza fulana kabla ya kuingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath huko Uingereza, waliopima nguvu za mgongano huo kwa vyombo, waliona kwamba kushikana kwanza kunapunguza kishindo kwa kiasi cha robo. Mwaka 2022 likaongezwa jambo jingine. Huka hutakiwa kuweka mguu mmoja mbele kama breki wakati wa kushikana, ili uzito wa wote usimwelemee shingoni kabla ya wakati.

Sasa turudi kwa swali la mama. Refa anajuaje aliyeangusha?

Jambo la kwanza analotazama ni mkono. Propu wa kushoto huupitisha mkono wake wa kushoto ndani ya mkono wa kulia wa mpinzani wake, na yule mwingine huupitisha wa kwake nje. Wote wawili hutakiwa kushika fulana mgongoni au ubavuni. Si kifuani, si kwenye mkono, si kwenye ukosi. Mwenye kushika mkono wa mwenzake ana kamba ya kumvutia chini. Kisha refa hutazama kiwiko. Kiwiko kilichoinuka mara nyingi ni cha mtu anayebeba uzito wake, na kiwiko kinachoelekea ardhini ni cha mtu anayemshusha mwenzake. Waamuzi wenye uzoefu hukiangalia kiwiko kama vile mama wa sokoni anavyoiangalia mizani.

Halafu anatazama nyonga na miguu. Mabega na kichwa havitakiwi kuwa chini ya nyonga. Mtu aliyeinyoosha miguu yake nyuma mno, karibu alale, ataanguka kifudifudi hata kama hakuguswa na mtu, na huyo si mwovu ila hajafundishwa. Na yupo mwerevu mwingine ambaye hasukumi mbele hata kidogo, anakata upande kwa pembe na kumchoma huka wa timu nyingine ubavuni. Skramu inapinda, aliyechomwa anajitutumua, ananyanyuka juu, na kwa macho ya mtazamaji huyo aliyenyanyuka ndiye mkosaji. Hapo refa mvivu huadhibu matokeo na kumwacha aliyesababisha.

Hasara yake si ndogo. Kuangusha skramu kwa makusudi ni penalti, na penalti ikipigwa ikapita katikati ya milingoti ni pointi tatu. Mkosaji anaweza kuonyeshwa kadi ya njano akae nje dakika kumi. Na skramu ikiangushwa karibu na mstari wa goli kwa nia ya kuzuia bao lililokuwa likija, refa anaweza kuipa timu nyingine pointi saba papo hapo. Mechi nzima inaweza kugeuka kwa kiwiko kimoja.

UPANDE USIOONEKANA

Nilisema refa anaona nusu. Skramu ina ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia, naye ana mwili mmoja. Akisimama upande mpira unakoingizwa, propu wa ng'ambo yuko gizani. Katika mechi kubwa wapo wasaidizi wa pembeni wanaomnong'oneza kwa redio ya sikioni. Katika mechi za vijana wetu msaidizi akipatikana huwa ni mchezaji wa akiba aliyepewa kibendera, naye moyo wake uko kwa timu yake, hatuwezi kumlaumu.

Kwa hiyo refa mwadilifu huhama. Skramu hii anasimama huku, ile nyingine anazungukia kule, tena bila kutangaza. Propu ambaye hajui refa atakuwa wapi hulazimika kuwa mwaminifu pande zote.

Nilirudi kutazama Jumamosi iliyofuata, katika kiwanja cha shule moja si mbali na Barabara ya Kilwa, na nililiona jambo hilo kwa macho. Mwamuzi wa siku ile alikuwa mtu mzima mwenye kitambi kidogo. Mbio zake hazikunivutia hata chembe. Lakini skramu ya kwanza ilipoanguka hakunyoosha mkono kumpa mtu ushindi. Alipuliza filimbi haraka, akawaita wale sita wa mbele, akachuchumaa pamoja nao, akawauliza miguu yao wameiweka vipi. Akamrekebisha mmoja mkono. Skramu ya pili ikasimama. Ya tatu ikaanguka, naye alikuwa ameshahamia upande wa pili, na sasa akaadhibu bila kusita, kwani aliyemfundisha hakuwa na kisingizio tena.

Filimbi ya haraka ni jambo linalohitaji kusisitizwa. Watazamaji huizomea kwa kuwa inaukata mchezo. Mimi mwenyewe nilinuna. Hata hivyo, walio nyuma ya skramu hawaoni kwamba mbele kumeanguka, nao hawataacha kusukuma mpaka wasikie sauti. Sekunde mbili za kungojea kuona kama mpira utatoka ni sekunde mbili za uzito juu ya shingo ya mtu.

Kuna dhambi nyingine ya waamuzi, na hii haihusu raga pekee, tunaijua sana katika ndondo zetu. Ni ile ya kugawa adhabu nusu kwa nusu ili kila upande uridhike. Amewapa hawa penalti mbili, basi inayofuata atawapa wale, hata kama wale ndio wakosaji mara zote tatu. Watu humsifu kwamba hana upendeleo. Katika skramu tabia hiyo ni hatari zaidi kuliko upendeleo, kwa sababu propu dhaifu anayeangusha makusudi ili asisukumwe hujifunza kwamba anguko moja kati ya mawili halina gharama. Ataendelea kuangusha. Dada yake dhambi hiyo ni kuhukumu kwa sifa. Timu fulani inajulikana kuwa na skramu yenye nguvu, basi kila inapoanguka mkosaji ni mpinzani wake, ilhali wenye nguvu nao hukosea kwa kuvamia kabla ya amri au kusukuma kabla mpira haujaingia.

Tena kuna huo mpira wenyewe. Sheria yataka uingizwe moja kwa moja katikati. Tangu marekebisho ya mwaka 2017 mtumbukizaji anaruhusiwa kusimama bega lake likiwa kwenye mstari wa kati, hivyo timu yake inafaidika kidogo kwa kuwa ndiyo iliyokosewa, lakini kuutupa mpira miguuni mwa wenzake bado ni kosa. Utaona waamuzi wengi, hata wakubwa, wakifumba jicho. Mimi nisingelifumba. Mpira ukitupwa upande mmoja, huka wa pili hana cha kushindania, na njia pekee inayombakia ni kusukuma kwa hasira.

WATOTO SI WAZEE

Msomaji mzazi, sehemu hii ndiyo niliyomsomea mama mdogo kwa sauti.

Sheria za raga kwa vijana wa chini ya miaka 19 si zile za watu wazima. Skramu yao haitakiwi kusukumwa zaidi ya mita moja na nusu. Ikipinda zaidi ya nyuzi 45 refa huisimamisha, wakati ya watu wazima huachwa hadi nyuzi 90. Timu moja ikipungukiwa na wachezaji, skramu za pande zote mbili hutakiwa kulingana kwa idadi. Na la muhimu kupita yote, watatu wa mbele na maloku wawili lazima wawe wamefundishwa nafasi hizo. Kama hawapo, skramu haifutwi, ila huchezwa bila kusukumana. Watoto wanafungamana, mpira unaingia, timu iliyoingiza inauchukua, mchezo unaendelea.

Hakuna aibu katika skramu ya namna hiyo. Nalisema hili kwa sababu nimemsikia kocha kijana akiiita skramu ya kitoto. Kumchukua mvulana mnene kwa kuwa ni mnene tu, kumweka propu siku ya mechi kwa kuwa propu wa kawaida anaumwa malaria, ndiko mama anakopaswa kusimama na kusema hapana. Refa naye ana wajibu wa kuuliza kabla ya mechi: "Watatu wa mbele ni nani, na nani atawapokea wakiumia?" Asipopata jibu, mamlaka ya kuamuru skramu isiyosukumwa anayo.

Msomaji atauliza kama mchezo huu ni wetu hata tujisumbue hivi. Hapa kwetu uliletwa na wakoloni, na kwa miaka mingi haukutoka mbali na klabu ya Gymkhana jijini na mashamba ya Arusha. Nairobi vivyo hivyo. Timu ya Afrika Mashariki iliyocheza huko na timu ya Visiwa vya Uingereza mwaka 1955, ikafungwa 39 kwa 12, ilikuwa ya walowezi. Lakini tarehe 17 Aprili 2016 vijana wa Kenya waliwafunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya mashindano ya Singapore ya wachezaji saba saba. Wachezaji wa siku hiyo walikuwa Waafrika wa kizazi kingine kabisa.

Na katika raga ya saba saba, ambayo nusu yake moja huchukua dakika saba tu, skramu huwa na watu watatu kwa watatu. Hakuna maloku wanaosukuma nyuma. Kwa kijana anayeanza, katika viwanja vyetu vya udongo mgumu uliokauka kama saruji, hiyo ni njia bora zaidi kuliko kumtumbukiza moja kwa moja katika ile ya wanane.

Nilipomaliza kusoma, mama mdogo alinyamaza kitambo. Kisha akamwita mwanawe kutoka uani, akamwamuru ainame mbele yetu kama anavyoinama uwanjani. Kijana akaona haya, akainama. Mama akautazama mgongo, akazunguka nyuma, akamgonga nyonga kwa kiganja.

"Hii iko chini ya mabega au juu?" akaniuliza.

Nikamwambia iko chini kidogo, kama inavyotakiwa.

"Basi Jumamosi nakwenda naye," akasema. "Nataka kumwona huyo refa wako mwenye kitambi, nimuulize majina ya watatu wa mbele."